Mama Mdogo wa Mtoto Wake

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, kila mmoja pembe zake mbili, mnalivuta mpaka linyooke, halafu mnasogeleana mpaka vidole vyenu vigusane, mnaachana, mnasogeleana tena. Kwa miaka kumi na moja mtu niliyekuwa nasogeleana naye ni Bi Mkunjo. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha kufulia, kwa sababu hakuvumilia mkunjo hata mmoja. Ukimletea foronya iliyojikunja pembeni, hasemi kitu, anairudisha tu kwenye pasi kubwa ya mvuke na wewe unabaki na aibu yako.

Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, mikono imechubuka kwa dawa ya madoa. Mfukoni mwa koti la kazi hakukosa peremende. Nilidhani anapenda utamu.

Siku tulipomuaga msimamizi wetu wa zamani, tuliletewa juisi kwenye jagi. Bi Mkunjo alipewa glasi, akainusa, akaiweka juu ya meza, akatoka. Kesho yake tukiwa kwenye mashuka nikamtania.

"Bi Mkunjo, siku hizi unaogopa hata juisi?"

"Ilikuwa imechanganywa," akasema.

"Kidogo tu, wanasema."

"Mimi kidogo siijui. Mimi ni mlevi."

Nikacheka. Nilikuwa na miezi minne pale na sikuwahi kumwona hata akipepesuka.

"Mlevi gani asiyekunywa?"

"Ndiye mimi. Huu mwaka wa tisa." Akavuta pembe zake. "Shika vizuri, linaburuta chini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuijua habari yake, na sikuijua kwa siku moja. Alikuwa akinipa kidogo kidogo, shuka kwa shuka, na mashine zikiunguruma nyuma yetu asisikie mtu mwingine.

Alianza kazi pale akiwa msichana, kwenye chumba cha kuchambulia nguo chafu. Kila kilichotoka wodini kilipita mikononi mwake: damu, matapishi, vya wazazi, vya maiti. Jioni wenzake wawili walikuwa na kichupa, wanapitishiana nyuma ya boila ili kuua harufu. Akaonja. "Watu wakiniuliza nilianza kwa nini, nilikuwa nawaambia ni harufu," aliniambia. "Lakini wengine walinusa harufu ile ile wakaenda kunywa chai."

Akapata mwanamume, fundi wa mabomba. Mimba ilipofika miezi mitano fundi akapata kazi mbali, akaaga vizuri tu, na hakuonekana tena. Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama alijizuia muda wa kunyonyesha, kisha akarudia, na aliporudia hakurudia pale alipoachia, alirudia mbele zaidi. Akawa anakunywa kabla ya kazi ili mikono itulie, na baada ya kazi ili kichwa kitulie.

Mtoto alipokuwa na miaka miwili na nusu, Jumamosi moja asubuhi, Bi Mkunjo alikuwa anapiga pasi sare yake nyumbani. Kikombe kilikuwa dirishani. Akakaa chini apumzike kidogo. Alipozinduka ni kwa sababu ya kelele za mtoto. Mtoto alikuwa amevuta waya wa pasi, na pasi ilikuwa imemwangukia mguuni, juu ya goti, na haikuwa imeanguka sasa hivi.

Bahati, kama ni bahati, dada yake mkubwa alikuwa njiani kuja kumtembelea. Dada huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa na dereva wa malori, na Mungu hakuwajalia mtoto. Alimkuta mdogo wake amesimama katikati ya chumba, kashika ndoo ya maji, hajui ayamwagie wapi. Alimchukua mtoto mgongoni akatoka mbio. Hospitalini daktari akauliza nani alikuwa na mtoto.

"Mimi," akasema dada mtu. "Nilikuwa napiga pasi."

Alisema hivyo kumwokoa mdogo wake asifukuzwe kazi, maana hospitali ilikuwa ni hiyo hiyo. Lilikuwa neno la haraka la siku ile moja, lakini neno likishatoka halirudi. Mtoto aliporuhusiwa, akapelekwa kwa dada.

"Nakwenda naye," dada alisema mlangoni. "Ukiacha kunywa, njoo umchukue. Sitakuwekea kizuizi."

Bi Mkunjo akaitikia ndiyo. Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alikuwa amelewa chakari.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Alikuwa akienda kumtazama mtoto mara moja moja. Mara moja alikwenda amekunywa, si sana, akamkuta binti amevaa sare mpya ya shule ya chekechea. Mtoto alijificha nyuma ya gauni la dada mtu, akasema, "Mama, huyo mtu ananuka."

Ingependeza niseme aliacha siku ile. Hakuacha. Alikunywa miezi minne mingine. Kilichomsimamisha ni jambo la kijinga. Asubuhi moja wanaume wawili wa kufulia walinyanyua furushi la mashuka machafu kulitia kwenye mashine, likawa zito, wakalaani wanaofunga mafurushi makubwa, wakalifungua lipunguzwe. Alikuwa yeye, amelala humo ndani. Wanaume wale walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka, na muuguzi mkuu wa zamu, aliyeitwa aje kuona, hakucheka pia.

Muuguzi huyo alikuwa mama wa makamo, mkali, sauti ya chini. Alimlaza siku tano, maana mlevi wa namna ile akiacha ghafla bila mtu wa kumtazama anaweza kufa. Alitetemeka, akaloa jasho, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo. Siku ya sita muuguzi akamwambia, "Mimi kila Jumatano baada ya kazi ninakaa na wenzako kwenye chumba cha kufungia vidonda. Kuna viti tisa. Kimoja hakina mtu."

Akaenda. Akaendelea kwenda. Hakuna zaidi ya hapo, alikuwa akisema. Peremende za mfukoni ni za saa kumi na moja jioni, saa ambayo ulimi ulikuwa ukimdai. Njia ya nyumbani alibadilisha, akawa anazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, dakika ishirini za ziada kila siku, ili asipite mtaa wa vilabu. Mwaka ukaisha.

Mwaka ulipoisha alioga, akavaa gauni lake zuri, akaenda kwa dada yake.

"Nimekuja kumchukua," akasema.

Dada hakubisha. Alimwita mtoto. Sasa alikuwa na miaka sita, ameng'oka meno mawili ya mbele.

"Shikamoo, Mama Mdogo," akasema mtoto.

Ndivyo alivyofundishwa, na wala si uongo mkubwa kwa jinsi sisi tunavyoitana, maana mdogo wa mama ni mama mdogo. Dada akamfungia mtoto nguo kwenye mkoba mdogo. "Nenda na Mama Mdogo," akamwambia, na sauti haikumtetemeka. Mtoto akauliza, "Tutarudi saa ngapi?"

Alikaa naye Jumamosi na Jumapili. Alikuwa amemnunulia kitanda, godoro jipya, na shuka lililonyooka kama karatasi. Mtoto alikula vizuri, alishukuru kila alichopewa. Usiku akalia. "Alilia kwa adabu," Bi Mkunjo aliniambia. "Alijifunika mto ili asinisumbue. Kama mgeni. Mtoto anapomlilia mama yake humlilia usoni."

Jumapili jioni akamrudisha. Dada yake alifungua mlango, akamwona mtoto amekimbilia ndani, akamtazama mdogo wake.

"Umeshindwa?"

"Hapana. Yeye ndiye atakayeshindwa. Mwache. Akikua tutamwambia."

Walikaa kizingitini wakalia pamoja, dada kwa furaha aliyoionea aibu, na mdogo mtu kwa shauri alilokuwa amelikata. Niliwahi kumwambia kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa, la mzazi wa kweli. Akanijibu, "Usinipambe. Nusu ilikuwa upendo, nusu ilikuwa woga. Nilijua nikikaa naye siku moja ataniuliza juu ya mguu."

Akawa mama mdogo wa mtoto wake. Kila Jumapili alikwenda. Alimsuka nywele, alimsikiliza akisoma, alimfundisha kupiga pasi. Ndiyo, hata hilo. Alisimama nyuma yake muda wote, mkono karibu na waya. Binti alikua, akawa mrefu kama yeye, na kidevu chake. Watu wa mtaa ule wakisema, "Umefanana na mama yako mdogo," binti anajibu, "Si damu moja?"

Kovu lilikuwa kubwa. Alipofika umri wa kujitazama kwenye kioo alianza kuvaa sketi ndefu, akaacha michezo, akaacha kwenda kuogelea na wenzake. Na alijua aliyemuunguza ni nani, kwa sababu tangu utotoni aliambiwa lile lile lililoambiwa daktari. Dada hakupata siku nzuri ya kulibadilisha. Kila "akikua" ilisogezwa mbele: akimaliza shule ya msingi, akimaliza mitihani, akishapata kazi. Wawili hao walikuwa watu wazima wenye akili, lakini walikuwa waoga kwa zamu. Mmoja akiwa tayari, mwingine anasema bado.

Binti akahitimu, akaajiriwa kwenye maabara ya kupima damu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili dada alipougua figo.

Hapo mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Alilazwa wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Bi Mkunjo hakuruhusu shuka la kitanda kile lipite kwa mtu mwingine. Alilifua peke yake, tukalikunja sote wawili, akalipandisha mwenyewe. Siku moja nilibeba foronya nikaenda naye. Dada alikuwa amevimba miguu na amekonda uso. Alinikaribisha kama tuko sebuleni kwake, kisha akamshika mdogo wake kiganja.

"Nikiondoka, habari ya pasi usimwambie."

"Dada, hayo si ya leo."

"Ndiyo ya leo. Mimi nimeshaizoea. Atakuwa amebaki na wewe tu na baba yake, na baba yake ni mtu wa safari. Usijiharibie."

Bi Mkunjo akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Dada alifariki Alhamisi ile, adhuhuri, binti akiwa amemshika miguu.

Tulizika. Sitaki kueleza msiba, kila mtu ana wake. Nitasema tu kwamba jioni ya siku ya tatu nilimuuliza kama yuko salama, akajua ninauliza nini. "Nina hamu mpaka meno yanauma," akasema, na akatia peremende mdomoni.

Wiki ya tano, binti alimwomba aje wapange nguo za marehemu, zipi zigawiwe, zipi zibaki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Walikaa chini, sanduku katikati yao. Walicheka kidogo juu ya kofia moja ya ajabu ambayo marehemu aliinunua na hakuwahi kuivaa. Kisha binti akashika gauni moja la kazini, la samawati.

"Mama Mdogo, kuna kitu kinanikaba."

"Sema, mwanangu."

"Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimwambia, mama gani anamuunguza mtoto wake. Nilimwambia jikoni, alikuwa anaosha vyombo. Hakunijibu. Na sikuwahi kumwomba radhi. Hata pale hospitali nilikuwa nataka kumwambia nimemsamehe, nikawa naona kesho ipo. Amekufa anajua nilimchukia kwa ajili ya mguu."

Bi Mkunjo aliniambia kwamba pale aliusikia wosia wa dada yake masikioni, neno kwa neno. Alijua akikaa kimya ataishi vizuri. Binti atalia, yeye atambembeleza, Jumapili zitaendelea. Lakini aliona marehemu amebebeshwa mzigo huo mpaka kaburini, na aliyeufunga ni yeye.

"Hakukuunguza yeye," akasema. "Ni mimi."

"Wewe? Wewe ulikuwepo?"

"Ilikuwa kwangu. Ulikuwa unaishi kwangu. Nilikuwa nimelewa, nikasinzia, pasi ikiwa ya moto. Dada alisema ni yeye ili nisifukuzwe kazi. Na ulikuwa unaishi kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuzaa."

Binti hakupiga kelele. Alikaa na gauni mapajani. Kisha akauliza, "Baba anajua?"

"Anajua."

"Nani mwingine?"

"Wakubwa wote."

Binti akalikunja gauni, mikono miwili, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa. Akaliweka ndani ya sanduku, akafunga kifuniko.

"Naomba uende, Mama Mdogo."

Alitoka. Saa tano asubuhi, jua kali, na miguu haikumpeleka nyuma ya kiwanda cha matofali. Ilimpeleka mtaa wa vilabu, alikokuwa hajakanyaga kwa miaka kumi na saba. Alisimama mbele ya mlango mmoja. Ndani kulikuwa na watu wawili tu na mwanamke anayepiga deki. Alisema alichokiona ni kiti. Si chupa, kiti, kile cha pembeni, na mwili wake ulijua jinsi kitakavyompokea. Mwenye deki akamwambia, "Karibu mama, pita, pamekauka." Labda lile neno mama ndilo lililomgeuza, labda siyo. Aligeuka akaenda kwa yule muuguzi.

Muuguzi alikuwa amestaafu zamani, amekula chumvi nyingi, na masikio yalikuwa yamemwacha. Alikaa uani kwake, amezungukwa na vyumba vya wapangaji. Bi Mkunjo akamwinamia.

"Nataka kunywa," akasema.

"Unataka nini?"

"Kunywa."

"Maji yako kwenye mtungi."

"Pombe, muuguzi. Nataka kunywa pombe."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, sikusikii."

Ikabidi apaze sauti. Akasema kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto kwamba anataka kunywa pombe, kwamba amemwambia mwanawe ukweli, kwamba alimuunguza mtoto kwa pasi akiwa mlevi. Chumba cha jirani mtu akapunguza redio asikie vizuri. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo wakaacha kuanika. Siri aliyoitunza miaka ishirini waliipata wapangaji saba kwa dakika mbili. Alipofika mwisho, muuguzi akamsukumia ungo.

"Nimesikia. Kaa, tuchambue maharage."

Walichambua mpaka jua likateremka. Maharage yalipokwisha, muuguzi akayamwaga tena kwenye ungo wakaanza upya. Mara tatu. Jioni mmoja wa wale wanawake wa kuanika alimsindikiza mpaka kwake.

Miezi minane binti hakupiga simu wala kupokea. Bi Mkunjo alikuja kazini kila siku kwa wakati. Nilimwambia ajikaze kisabuni, kama tunavyoambizana sote. "Sabuni nayo huisha," akasema. Nikaona nimeongea upuuzi, tukaendelea na mashuka.

Halafu mchana mmoja binti akatokea mlangoni kwetu, amevaa koti jeupe la maabara. Mashine zilikuwa zinaunguruma, mvuke umejaa. Nilitaka kuondoka, Bi Mkunjo akanishika mkono, kwa hiyo nilisikia yote.

"Uliacha lini pombe?" binti akauliza.

"Ulikuwa na miaka mitano na miezi kadhaa."

"Kwa hiyo miaka kumi na saba ulikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Nimefikiri sana. Pasi naweza kuielewa. Ulikuwa umelewa, hukuwa na akili. Lakini kunyamaza ulinyamaza ukiwa na akili zako zote. Ulinisuka nywele. Ulikaa pale jikoni ukaona namchukia mama yangu, ukanywa chai."

Watu wanaoacha pombe huambiwa na kila mtu kwamba wameshinda. Hapo Bi Mkunjo aliambiwa kwamba yale aliyoyafanya akiwa na kiasi yalikuwa mabaya kuliko ya ulevi.

"Ni kweli," akasema.

"Nimehamishiwa mji mwingine. Naondoka Jumatatu. Nimekuja kukuaga, kwa sababu mama angetaka." Binti akafuta jicho kwa mkono wa koti. "Sijui nikuiteje."

"Niite hivyo hivyo."

"Haya. Kwaheri, Mama Mdogo."

Alipoondoka, Bi Mkunjo aliomba dakika tano, akaenda nyuma ya boila, pale pale alipoonjea mara ya kwanza. Nilimfuata nikiogopa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, analia uso wazi, hajajifunika.

Mwaka uliofuata muuguzi alifariki. Bi Mkunjo ndiye anayefungua kile chumba cha Jumatano sasa, ufunguo anao yeye. Mwaka jana alistaafu, amehamia chumba kimoja karibu na hospitali. Wengi wa wale wanaokuja hawarudi. Wawili amewazika mwenyewe, mmoja ni yule mwanamume aliyelinyanyua furushi siku ile na kucheka.

Juzi nilikwenda kumtembelea. Tukiwa kwenye chai, simu ikaita, akaipokea kwa mikono miwili. Binti hupiga Jumapili, si kila Jumapili, na hakai sana kwenye simu. Nilisikia upande mmoja tu. Nimekula. Wewe umekula? Huko mvua imenyesha? Baba yako alipita hapa na lori, mzima. Haya, mwanangu. Kila mama mdogo humwita hivyo mtoto wa dada yake, kwa hiyo hilo bado anaruhusiwa.

Aliiweka simu chini, akaitazama mpaka kioo kikazima.

"Leo amekaa dakika nne," akasema. "Wiki ile hakupiga."

Kisha akaniuliza kama ile mashine mpya ya kukaushia bado inararua foronya. Nikamwambia bado.